Mmweko wa eksirei umetangazwa: uelekeze darubini gani kwanza?

Tangazo lenyewe huwa fupi. Saa ya tukio kwa UTC, mahali angani, ukali wa miale, na karibu na mwisho namba ndogo ambayo macho huipita: nusukipenyo cha duara la shaka, yaani eneo la anga ambamo chanzo kinaweza kuwa popote. Setilaiti imeona eksirei zikiwaka kwa sekunde au dakika chache mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, kisha zikafifia. Inaweza kuwa nyota kubwa iliyokufa mbali kabisa ulimwenguni. Inaweza kuwa shimo jeusi la humu humu katika Njia Nyeupe, limeanza kumeza gesi ya nyota mwenzake. Inaweza pia kuwa kijinyota chekundu cha jirani tu, kilichopandwa na hasira kwa robo saa. Eksirei peke yake mara nyingi haisemi ni kipi kati ya hivyo. Lazima mwenye mmweko atafutwe, na wa kumtafuta ni darubini nyingine.

Hapo mwamba ngozi huvutia kwake. Mwenye madishi ya redio atakuambia tulia, yeye hata mawingu hayamsumbui. Mwenye kioo cha mita nane ataziona nyingine zote kuwa za kuchezea. Mwenye kamera pana ya nusu mita atakukumbusha kwamba alishapiga picha wenzake wakiwa bado wanajaza fomu. Hakuna anayesema uongo, ila kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe.

Namwandikia mtu anayelazimika kuchagua: mwanafunzi mwenye saa chache za darubini inayoendeshwa kwa intaneti, au kikundi chenye ombi moja tu la dharura mkononi. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisumbuke kuutafuta. Ukubwa wa kioo ni swali la tatu. La kwanza ni upana wa duara, na la pili ni umri wa tukio.

Duara na saa

Setilaiti hazitoi maduara yanayolingana. MAXI, iliyoko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2009, hukupa eneo la dakika kumi za tao au zaidi kila upande (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja angani, na sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo). WXT, darubini pana ya Einstein Probe, ni nzuri zaidi. Hiyo ni setilaiti ya China iliyorushwa 9 Januari 2024 kwa ushirikiano na Ulaya, na vioo vyake vimeigwa kutoka jicho la kambakoche, vikitazama nyuzi mraba 3,600 kwa mkupuo. Duara lake la shaka huwa na nusukipenyo cha dakika 3 hivi za tao. XRT, darubini ya eksirei ya setilaiti ya Swift, hushuka hadi sekunde chache za tao, na Chandra, setilaiti nyingine ya eksirei, hufika chini ya sekunde moja.

Dakika na sekunde zinasikika kama ndugu, kwa hiyo piga hesabu. Duara la nusukipenyo cha dakika 3 lina eneo la dakika mraba 28. La sekunde 3 lina sekunde mraba 28. Tofauti ni mara 3,600. Sasa chukua ile picha ya kina sana ya darubini ya Hubble, Ultra Deep Field: ina eneo la dakika mraba 11 hivi, na ndani yake zilihesabiwa galaksi kama 10,000. Ukilichimba duara la WXT kwa kina hicho utakutana na galaksi zaidi ya 25,000, na kila moja ni mshukiwa. Ukilichimba duara la XRT utakutana na saba. Watu husahau jambo hili wanapoililia darubini kubwa: kadiri inavyoona mbali, ndivyo orodha ya washukiwa inavyorefuka. Kina bila mahali sahihi ni kujiongezea kazi.

Saa nayo ina hesabu yake. Mng'ao unaobaki baada ya mlipuko wa gamma (mmweko mfupi wa miale ya gamma, kama ule wa nyota kubwa inayokufa) hupungua, kwa makadirio ya haraka, kinyume na muda: muda ukizidi mara mbili, mwanga unabaki nusu. Kutoka saa ya kwanza hadi ya ishirini na nne, mwanga umegawanywa kwa 24, sawa na kushuka kwa mag 3.5 hivi (kwenye kipimo hiki namba ikipanda, kitu kinafifia, kila mag 5 ni mara 100). Kilichokuwa mag 18.5, ambacho darubini ya nusu mita ingekikamata bila jasho, kesho yake ni mag 22, na ile ya nusu mita haina tena la kusema.

Si kila mmweko una haraka hiyo. Shimo jeusi linalomeza nyota mwenzake hupanda kwa siku kadhaa na kukaa liking'aa kwa wiki au miezi. MAXI ilipotangaza MAXI J1820+070 tarehe 11 Machi 2018, mfumo wa darubini ndogo wa ASAS-SN ulikuwa umeshaiona nyota hiyohiyo ikiwaka tarehe 6. Siku tano kabla! Kwa wa aina hiyo huna sababu ya kuvunja shingo ukikimbilia darubini.

Kioo kipana na kioo kikubwa

Mfano ninaoupenda ni EP240315a. Einstein Probe iliuona mmweko huo 15 Machi 2024, wiki chache baada ya kurushwa, na duara lake lilikuwa lile la kawaida la dakika 3. Aliyempata mwenye mmweko hakuwa kioo cha mita nane. Ni ATLAS, mfumo wa darubini za nusu mita uliojengwa kuwinda asteroidi zinazoweza kuigonga Dunia. Darubini hizo zinapekua anga usiku kucha bila kuombwa na mtu, na picha zake za eneo hilo zilionyesha doa jipya lililokuwa likififia haraka. Baada ya hapo ndipo kioo kikubwa cha Gemini kilipoitwa kusoma spektra, yaani nuru iliyotawanywa kwa rangi zake, na jibu likawa z = 4.859, kipimo cha jinsi nuru ilivyonyooshwa njiani. Nuru ile ilikuwa imesafiri miaka bilioni 12 na zaidi. MeerKAT, madishi ya redio ya Afrika Kusini, nayo ikaisikia. Utaratibu ulikuwa huo: mdogo alimwona mtu, mkubwa akamuuliza jina.

Faida ya kamera pana si upana tu. Ina picha za juzi, za jana na za mwaka jana za mahali palepale, zilizopigwa kwa lenzi ileile na filta ileile, kwa hiyo kutoa picha ya zamani kutoka kwenye mpya kunakwenda vizuri. Darubini kubwa inapofika mahali kwa mara ya kwanza haina cha kulinganisha. Unalazimika kuazima picha ya zamani ya Pan-STARRS (hiyo haishuki chini ya nyuzi 30 kusini) au ya Legacy Surveys, yenye filta tofauti kidogo na ukungu tofauti kidogo, na ukitoa moja kwa nyingine kila nyota inakuachia pete nyeupe na nyeusi. Nimetazama pete hizo mpaka nikaanza kuziona usingizini.

Kuhusu doa la uongo, nina deni la kusimulia. Usiku mmoja nilipata saa moja kwenye darubini ya mita moja ya mbali. Nikapiga picha tano za dakika mbili mbili, mfululizo, nikaziunganisha, nikatoa picha ya zamani. Doa likabaki ndani ya duara, sekunde 40 kutoka katikati, mag 20 na ushee. Lilikuwa limerefuka kidogo upande mmoja, nami nikalaumu upepo. Rasimu ya tangazo ilikuwa tayari, kidole kiko kwenye kitufe, mwenzangu akaniuliza swali la maneno mawili: "Je, linasogea?" Nikapepesa picha ya kwanza na ya tano. Limehama pikseli tatu. Ilikuwa asteroidi iliyokuwa karibu na sehemu yake ya kugeuka angani, ikitambaa taratibu kuliko kawaida. Asteroidi ya kawaida husogea sekunde kumi hivi za tao kwa dakika ishirini, kwa hiyo siku hizi napiga seti ya kwanza, nasubiri nusu saa, kisha napiga ya pili. Na orodha ya asteroidi ya Minor Planet Center naifungua kabla ya rasimu, si baada yake.

Mshukiwa mwingine wa uongo ni kile kijinyota chekundu. Nyota ndogo nyekundu hulipuka kwa eksirei mara kwa mara, na setilaiti haina namna ya kujua. Kabla ya kuomba darubini yoyote, fungua katalogi ya Gaia, setilaiti iliyopima umbali wa nyota, na uangalie ndani ya duara. Ukikuta nyota nyekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru mia moja au mia mbili, umepata sababu nzuri ya kwenda kulala. Si ushahidi kamili, lakini ni dau zuri.

Kioo kikubwa kinashinda lini, basi? Duara likiwa dogo, au tukio likiwa limepita siku moja na zaidi, au mtu mwingine akiwa ameshatangaza mshukiwa. Nje ya hapo kitakupotezea usiku. Tena vioo vikubwa vina tabia zake. SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ina kioo cha vipande 91 chenye upana wa mita 11 hivi, lakini kimeinama kwa pembe moja isiyobadilika na hakipandi wala kushuka. Unasubiri anga ikuletee nyota yako mbele yake. Nyota ikiwa nje ya ukanda huo saa unayoihitaji, ukubwa wa kioo haukusaidii kitu.

Usije pia ukaitazama galaksi nzuri iliyo katikati ya duara na kuyasahau maeneo mengine. EP240414a, ya Aprili 2024, ilikutwa mbali sana na kiini cha galaksi yake, umbali wa miaka ya nuru 80,000 na zaidi, na baadaye ikaonyesha supanova, mlipuko wa nyota inayokufa. Aliyezipiga picha galaksi zinazopendeza tu angeikosa.

Eksirei mara ya pili

Hii ndiyo chaguo ninayoipigia debe, na ndiyo watu wengi wanayoisahau kwa sababu haina picha ya kupendeza. Eksirei zilizokwisha kuonekana zitafutwe tena kwa eksirei, safari hii kwa chombo chenye jicho kali.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti ya BeppoSAX, ya Italia na Uholanzi, iliona mlipuko wa gamma kwa kamera yake pana, duara la dakika 3. Saa nane baadaye ikageuza vyombo vyake vyembamba, ikakuta eksirei zikififia palepale, na duara likabana. Kundi la mwanaastronomia Jan van Paradijs likapiga picha kwa darubini ya William Herschel kisiwani La Palma, saa 21 hivi baada ya mlipuko, kisha likarudia tarehe 8 Machi. Doa lililokuwapo kwenye picha ya kwanza halikuwapo kwenye ya pili. Milipuko ya gamma ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1960, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanga wake wa kawaida kuonekana. Bila ule mzunguko wa pili wa eksirei, picha mbili zile zingekuwa na shaka tele.

Leo Einstein Probe imebeba chombo cha namna hiyo ndani yake. Inaitwa FXT, na ikigeuzwa inalibana duara hadi sekunde kumi hivi za tao. Ikiwa tangazo tayari lina mahali pa FXT, umepewa zawadi, usiombe tena kitu hichohicho. Ikiwa lina mahali pa WXT peke yake, ombi la Swift ndilo dau langu la kwanza. XRT yake ina uwanja wa dakika 23 za tao, unaolimeza duara la WXT lote, na pembeni yake UVOT hupiga picha za urujuanimno na mwanga wa kawaida papo hapo. Tahadhari moja: Swift ilirushwa 2004 na obiti yake imekuwa ikishuka, kwa hiyo soma taarifa za kazi yake kabla ya kuitegemea. Chandra ina jicho kali kuliko zote lakini haigeuki kwa pupa. Iachie kazi ya siku za baadaye, chanzo kikiwa hafifu na swali likiwa ni galaksi ipi kati ya mbili zinazokaribiana.

Udhaifu upo. Eksirei za pili zinakupa mahali, hazikupi umbali wala jina. Na kama mmweko ulikuwa wa dakika chache tu bila mng'ao wa baadaye, chombo cha pili kitafika na kukuta giza. Hata giza hilo ni habari.

Wakati mwingine bahati hufanya kazi yote. Tarehe 9 Januari 2008 Swift ilikuwa inatazama supanova nyingine katika galaksi ya NGC 2770 kwa ombi la Alicia Soderberg, na eksirei zikawaka kwa dakika chache upande mwingine wa galaksi hiyohiyo. Hapakuwa na haja ya kulibana duara. Chombo kikali ndicho kilichokuwa kikitazama. Ikawa ni SN 2008D, supanova iliyokamatwa ikizaliwa. Bahati hiyo huwezi kuiandikia ombi.

Mwanga wa kawaida au infraredi

Angalia ramani kabla ya kuamua. Mahali pakiwa mbali na mkanda wa Njia Nyeupe, mwanga wa kawaida unatosha kwa kuanzia, na chagua filta nyekundu kuliko ya bluu. Ile EP240315a yenye z = 4.859 ni somo tosha: haidrojeni iliyo njiani humeza nuru yenye wimbi fupi kuliko mstari wa Lyman alfa (rangi moja ya urujuanimno ya haidrojeni), na kwa umbali ule mstari huo umesogea hadi nanomita 712. Aliyepiga kwa filta ya kijani hakuona kitu, na hakukosea, nuru haikuwapo. Filta nyekundu ya r yote iko upande ulioliwa, ya i imeguswa ukingoni tu, na ya z (jina la filta, si ile z ya spektra) iko salama. Mwenye muda wa filta mbili tu napendekeza r na z: kitu kikionekana kwenye z na kukosekana kwenye r, piga simu, amsha watu.

Mahali pakiwa ndani ya mkanda, mambo hubadilika. Kuelekea kitovu cha Njia Nyeupe vumbi hupunguza mwanga wa kawaida kwa mag 30 hivi, yaani hubaki sehemu moja kati ya trilioni. Kwenye infraredi ya filta ya K hasara ni mag 3 au chini ya hapo, yaani hubaki sehemu moja kati ya kumi na tano hivi. Kutumia mwanga wa kawaida hapo ni kutwanga maji kwenye kinu, haijalishi una kioo cha mita ngapi.

Julai 2025 ilitupa mfano mkubwa. Fermi, setilaiti ya miale ya gamma, ilinasa milipuko ya gamma kadhaa kutoka upande mmoja wa anga tarehe 2, na Einstein Probe ikakuta kwamba eksirei zilikuwa zimeanza siku moja kabla. Mahali palikuwa karibu na mkanda wa Njia Nyeupe, na mwanga wa kawaida haukutoa kitu. Kamera ya infraredi ya HAWK-I kwenye VLT, darubini za mita nane za Ulaya nchini Chile, ndiyo iliyomwona mwenye mmweko, kisha Hubble ikaonyesha kwamba amekaa juu ya galaksi ya mbali. Kumbe mkanda wetu na vumbi la galaksi yake vilikuwa vimemfunika pamoja. Mpaka hapo kulikuwa na watu waliodhani huyo ni wa humu humu kwetu.

Mbona basi tusianze na infraredi siku zote? Kwa sababu kamera zake ni chache na nyembamba. HAWK-I ina uwanja wa dakika 7.5 za tao, unaotosha duara la WXT lakini si la MAXI. Pia anga lenyewe linang'aa kwenye infraredi hata usiku wa manane, kwa hiyo unapiga picha fupi nyingi huku ukisogeza darubini kidogo kila mara, na kazi ya kusafisha ni ya siku nzima. Picha za zamani za kina za kulinganisha nazo ni haba. Tumia infraredi pale vumbi linapokulazimisha, au unaposhuku umbali mkubwa kupita kiasi.

Redio

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwanga wa kawaida ukishazimika, redio mara nyingi ndiyo kwanza inapanda, kwa sababu wimbi la mshtuko linaendelea kuisukuma gesi iliyo jirani kwa wiki na miezi. Kwa aliyechelewa, hakuna darubini yenye huruma kama ya redio. Haijali vumbi, haijali mawingu, haijali kama ni mchana.

MeerKAT, madishi 64 yenye upana wa mita 13.5 kila moja katika jangwa la Karoo, ina uwanja wa nyuzi moja hivi kwa mawimbi yake ya kawaida. Humo linaingia hata duara la MAXI. Kwa mashimo meusi ya humu nyumbani ni hodari mno: baada ya mmweko wa MAXI J1820+070 iliweza kufuatilia vipande vya gesi vikitupwa mbali na shimo, mwezi baada ya mwezi. VLA, madishi ya redio ya New Mexico, Marekani, nayo ina heshima yake. Mwaka 1997 Dale Frail na wenzake waliifuatilia redio ya GRB 970508 na kuiona ikimeremeta kama nyota zinavyomeremeta kwa macho, kisha baada ya wiki chache kumeremeta kukapungua. Maana yake chanzo kilikuwa kimepanuka, na kasi iliyopatikana ilikaribia ya mwanga. Hakuna picha ya kioo chochote ingekupa hilo.

Ila redio si ya kuanzia. Kila uwanja umejaa galaksi zenye redio za siku zote, na mara ya kwanza hujui ni ipi mpya. Inabidi urudi baada ya siku kadhaa uone nani amebadilika. Ukiwa na ombi la usiku mmoja tu wa redio bila wa pili, afadhali umpe mwenzako mwenye mbili.

Spektra

Hapa ni kwa kifupi. Spektrografu husoma kijipande cha anga chenye upana wa sekunde moja hivi ya tao. Ni hatua ya mwisho, mshukiwa akiwa mmoja au wawili, na hapo kioo kikubwa kinastahili kila dakika yake. EP250108a, ya Januari 2025, ilitambuliwa kuwa imezaa supanova SN 2025kg kwa sababu watu walirudia spektra wiki kwa wiki, mpaka mistari mipana ya supanova ikajitokeza. Spektra ya siku ya kwanza peke yake isingetosha.

Ungekuwa wewe

Tangazo la WXT, saa mbili zimepita, mbali na mkanda, na una darubini ya mita moja: piga sasa hivi, filta r na z, seti mbili zilizoachana nusu saa, na usisubiri eksirei za pili. Wakati huohuo mtu mwingine wa kikundi aandike ombi la Swift.

Tangazo lilelile likiwa na umri wa siku mbili: acha darubini ya mita moja ipumzike. Pitia kwanza vipimo ambavyo ATLAS na ZTF, kamera pana ya California, walishachukua usiku ule, kwa kuwa vingi viko wazi na havihitaji ombi la darubini. Mshukiwa akipatikana humo, nenda moja kwa moja kwenye kioo kikubwa na spektra. Asipopatikana, pigania mahali sahihi pa eksirei kabla ya kioo chochote.

Duara la MAXI lililo juu ya mkanda: hapo mshukiwa mkuu ni nyota pacha zenye shimo jeusi au nyota ya nyutroni. Swift, kisha infraredi, kisha redio, na usiwe na pupa. Angalia na kumbukumbu za zamani. Chanzo cha A0620-00 kilipowaka 1975, sahani za picha za Harvard zilionyesha kwamba nyota hiyohiyo ilishawahi kuwaka 1917.

Na usipoona kitu, andika. Hapa ndipo wengi hulegea, wakisema "hatukuona chochote" na kufunga daftari. Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Saa ya katikati ya picha, filta, kina cha mwisho kwa mag, na sehemu ya duara iliyofunikwa. Ukikosa kimoja, vingine vinapoteza thamani. Oktoba 2014 Chandra iliona mmweko ulioitwa CDF-S XT1, na kwa bahati VLT ilikuwa imepiga picha eneo hilohilo dakika 80 hivi baadaye kwa shughuli nyingine kabisa. Haikuona kitu hadi mag 25.7. Kwa kuwa saa na kina vilikuwa vimeandikwa, waliochapisha tukio hilo 2017 waliweza kuitumia picha hiyo tupu kuyapima mawazo ya mlipuko wa gamma wa kawaida, na mengi hayakupita.